Pabu za kale za Uingereza: kinachohifadhiwa ni jengo, biashara au mazoea?

MwalimuMikindani anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa historia, ninaishi Mikindani, na sinywi pombe. Ninalitaja hilo mapema asije mtu akadhani kwamba swali hili limetoka kaunta. Karibu na bandari ya Mtwara kuna baa moja ya zamani yenye paa la bati, kaunta ya mninga iliyoliwa na viwiko upande mmoja, na baraza ndefu ya saruji iliyong'arishwa na makalio ya watu kwa miaka ipatayo 70. Wazee wanasema ilianza wakati bandari ikijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, na kwamba habari ya meli gani inatia nanga kesho ilipatikana pale kabla haijafika ofisini. Mwenye nyumba amefariki, warithi wanataka kuuza, na mnunuzi aliyejitokeza anataka kiwanja tu. Nilipolizungumza jambo hili barazani kwetu, mzee mmoja alicheka sana, akaniuliza tangu lini kilabu cha pombe kikawa mambo ya kale.

Siku hizohizo mpwa wangu akaniletea habari ya pabu moja ya huko Uingereza, katika eneo la Staffordshire, iliyojulikana kwa jina la Crooked House, yaani nyumba iliyopinda. Ilijengwa mwaka 1765 kama nyumba ya shambani, kisha ardhi ikatitia kwa sababu ya uchimbaji wa makaa ya mawe chini yake, upande mmoja ukashuka kiasi cha mita 1.2, na watu wakawa wanasafiri kwenda kutazama gololi inayoonekana kupanda mlima juu ya meza. Usiku wa tarehe 5 Agosti 2023 iliungua moto, na siku mbili baadaye ilikuwa kifusi. Wananchi walikasirika kama waliovunjiwa msikiti au kanisa, na mwezi Februari 2024 halmashauri ikatoa amri kwamba ijengwe upya.

Naomba mnielimishe. Ni kitu gani hasa katika nyumba ya bia kiliwafanya Waingereza waitungie sheria? Wanalinda kuta, wanalinda biashara, au wanalinda mazoea ya watu kukutana? Na je, katika njia zao kuna inayoweza kutufaa huku Kusini?

FundiShangani anajibu:

Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kuchora majengo, na swali lako la pili ndilo lililowasumbua Waingereza wenyewe kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajitahidi kulifikia, ila niruhusu nipite kwanza kwenye historia.

Neno pabu ni kifupi cha maneno mawili yenye maana ya nyumba ya watu wote. Asili yake ni nyumba ya kawaida ya kuishi, ambamo mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke, alipika pombe ya shayiri, na ilipoiva akawafungulia majirani sebule yake. Msafiri wa barabara kuu alikuwa na nyumba ya wageni yenye vitanda na zizi la farasi, mwenye fedha wa mjini alikuwa na nyumba ya mvinyo, na kibarua alikuwa na sebule ya mpika pombe; pabu tunayoizungumzia imezaliwa na hizo zote tatu, lakini tabia yake imerithi kwa yule mama wa sebuleni. Mnamo 1393 Mfalme Richard II aliagiza kwamba anayepika pombe ya kuuza jijini London atundike alama nje, la sivyo pombe yake itataifishwa. Alama ilimsaidia mkaguzi ajue pa kuingia kuonja, na ilimsaidia mnywaji asiyejua kusoma. Ndiyo maana hadi leo pabu nyingi zina kibao cha picha, na majina kama Red Lion na White Hart, yaani simba mwekundu na kulungu mweupe, yameenea nchi nzima. Huyo kulungu mweupe alikuwa nembo ya Richard mwenyewe.

Leseni ilikuja mwaka 1552, ikitolewa na mahakimu wa eneo, na serikali ilipohesabu nyumba hizo mwaka 1577 ilikuta za bia pekee ni zaidi ya 14,000. Karne ya 18 ikaja na balaa la gin, ambayo unaweza kuiita gongo la London ya wakati ule, na madhara yake kwa maskini yalikuwa makubwa kiasi kwamba bia ilianza kuonekana kama kinywaji cha watu wenye adabu. Kwa sababu hiyo hiyo, mwaka 1830 Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu karibu kila mlipa kodi ya nyumba kuuza bia kwa ada ya guinea 2 tu (guinea ni fedha ya zamani ya Uingereza) bila kupita kwa hakimu. Zikafumuka nyumba za bia kila uchochoro, hadi mwaka 1869 mahakimu wakarudishiwa rungu lao.

Hapo ndipo penye jambo linalomhusu mtu wa majengo. Leseni zilipokuwa adimu, bei ya nyumba yenye leseni ilipanda, na viwanda vya bia vikaanza kuzinunua ili viwe na uhakika wa pa kuuzia bia yao wenyewe. Kiwanda kilichokwisha kulipa fedha nyingi kwa ajili ya leseni hakikuona uchungu kumwaga nyingine katika vigae, mbao za mahogani na vioo vilivyochorwa kwa tindikali. Pabu za fahari za miaka ya 1890 ambazo watalii hupiga picha ni zao la uhaba wa karatasi ya hakimu. Ndani yake ziligawanywa vyumba vyumba, cha wafanyakazi kikiwa na benchi na sakafu tupu, cha wenye nafasi kikiwa na zulia na bei ya juu kidogo kwa bia ileile. Kulikuwa hata na vidirisha vidogo vya kioo kizito, vyenye bawaba, vilivyowekwa juu ya kaunta usawa wa uso, ili bwana mkubwa anyoshe mkono achukue glasi yake pasipo mhudumu kuona ni nani. Nenda Belfast, katika pabu iitwayo Crown Liquor Saloon, utakuta vijichumba vyenye milango, kengele ya kumwita mhudumu, na vipande vya chuma ukutani vya kuwashia kiberiti. Shirika la hifadhi la National Trust liliichukua mwaka 1978, na bado inauza bia.

Sasa swali lako. Sheria yao ya kwanza ililinda kuta. Jengo likishaingizwa katika orodha ya majengo yenye thamani ya kihistoria, hulibomoi wala hulibadilishi bila kibali, na lina daraja lake. Pabu ya Philharmonic ya Liverpool, kwa mfano, ilipandishwa hadi daraja la kwanza mwaka 2020. Lakini orodha hiyo haimlazimishi mtu kuuza bia. Unaweza kubaki na vigae vyote na dari lote la plasta, na ndani wakawa wanaishi watu wawili na paka wao. Kwa hakika hadi mwaka 2017, katika Uingereza yenyewe bila Scotland na Wales, pabu nyingi ziliweza kugeuzwa duka au kubomolewa pasipo hata kuomba kibali cha mipango miji, kama hazikuwa zimeorodheshwa.

Sheria ya pili, ya mwaka 2011, ilikuja na wazo jipya. Wakazi wanaweza kuiomba halmashauri iitambue pabu kama mali yenye thamani kwa jamii, na mwenye mali akitaka kuuza, kikundi cha wakazi kikisema kinaitaka, mauzo husimama kwa miezi 6 ili wachangishane. Mwenye mali halazimiki kuwauzia. Anachonyimwa ni haraka. Pabu ya kwanza kununuliwa kwa njia hiyo ni Ivy House ya kusini mwa London, ambayo mwaka 2013 ilifunguliwa ikiwa mali ya mamia ya wanahisa wa mtaani. Kule Hesket Newmarket, kijiji cha kaskazini, wanakijiji walikuwa wametangulia bila kungoja sheria: waliinunua pabu yao mwaka 2003, zaidi ya watu 100 wakichangia.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba walianza kwa kulinda kuta, wakagundua kuwa kuta peke yake hazitoshi, na mazoea yenyewe hawajapata sheria ya kuyalinda. Sidhani kama wataipata.

MamaNdoro anajibu:

Mwalimu na wachangiaji wote, hamjambo. Naandika kutoka Lindi. Fundi ameeleza vizuri, lakini ameisifu nyumba kwa uzuri wa vioo vyake bila kutaja nani alikuwa akizuiwa mlangoni, na mimi sipendi historia ya namna hiyo.

Vyumba hivyo alivyovieleza vilikuwa mpaka. Katika pabu nyingi chumba cha wafanyakazi kilikuwa cha wanaume, na mwanamke aliyejiheshimu alitarajiwa akae kwenye kijichumba cha pembeni au asije kabisa. Mpaka mwaka 1982 palikuwa na nyumba ya mvinyo mashuhuri katika mtaa wa Fleet Street wa London, El Vino, iliyokataa kumhudumia mwanamke aliyesimama kaunta. Alitakiwa akae chumba cha nyuma aletewe. Wanawake wawili walikwenda mahakamani, na Mahakama ya Rufaa ikasema huo ni ubaguzi. Mwaka 1964 kijana mweusi aitwaye Paul Stephenson, yuleyule aliyeongoza mgomo wa kususia mabasi ya Bristol mwaka uliotangulia, alikataa kutoka katika pabu ya mji huo iliyogoma kumhudumia, akakamatwa na polisi. Mahakama ilimwachia, na mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kwanza ya nchi hiyo dhidi ya ubaguzi wa rangi, na pabu zikiwa miongoni mwa sehemu ilizozigusa kwa kuzitaja. Kwa hiyo mtu akiniambia tuhifadhi mazoea, namuuliza kwanza mazoea ya nani.

Kuna na sura nyingine ambayo nadhani inastahili kuhifadhiwa zaidi kuliko vigae, ingawa ni watu wachache wanaoijua. Wakati wa vita kuu ya kwanza, serikali iliogopa kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanalewa mno, ikapunguza saa za kuuza, na ndipo ulipoanza mtindo wa pabu kufungwa alasiri, ambao haukufutwa mpaka 1988. Lakini huko Carlisle, karibu na kiwanda kikubwa cha baruti cha Gretna, ilikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 1916 ilinunua pabu na viwanda vya bia vya eneo zima ikaviendesha yenyewe. Meneja alilipwa mshahara uleule auze bia nyingi au chache, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumsukumia mtu glasi ya tano. Chakula kikapikwa, na msanifu wa serikali, Harry Redfern, akachora pabu mpya zenye mwanga na vyumba ambamo familia iliweza kuketi. Utaratibu huo ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mimi mume wangu alikuwa mlevi, Mungu amrehemu, na nilipousoma mpango wa Carlisle nilijiuliza kwa nini hakuna aliyefikiria hivyo huku kwetu.

Baa yako ya bandarini, Mwalimu, usiihifadhi kabla hujawauliza wanawake wa jirani wanaikumbukaje.

Mkorosho anajibu:

Dada amesema kweli. Niongeze dogo: msimu wa mabibo ukifika, uraka unanywewa chini ya mkorosho wowote, mwezi mmoja hapa, mwaka ujao pale, na mazoea hayajafa ingawa hakuna hata tofali moja la kuorodheshwa. Pengine Waingereza wanashikilia nyumba kwa sababu ya baridi.

MsafiriRondo anajibu:

Nimeishi London miaka minne kwa masomo, na nilikuwa napita mara kwa mara katika George Inn ya Southwark, kusini ya mto, kwa sababu basi langu lilikuwa linaanzia jirani. Unaingia kwenye geti linaloonekana kama la ghala, na ghafla uko katika ua wenye roshani za mbao ghorofa juu ya ghorofa, zilizopinda kidogo katikati kama mgongo wa punda mzee. Ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia. Ukisimama uani, unahisi jengo limekatika, na ni kweli limekatika: zamani roshani zilizunguka ua, mpaka mwaka 1889 kampuni ya reli iliyoimiliki ilipobomoa sehemu kubwa ili ipate nafasi ya maghala. Uliobaki ni upande wa kusini tu. National Trust inaumiliki tangu 1937 na imeukodisha kwa wafanyabiashara wanaouza bia na chakula, kwa hiyo unakula chipsi ndani ya jengo la daraja la kwanza, na sakafu inalia kila mhudumu anapopita.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu Fundi aligusa kidogo tu suala la nani anamiliki, nami naona ndilo linaloua pabu nyingi kuliko tingatinga. Mwaka 1989 serikali iliona kwamba viwanda vikubwa vya bia vinamiliki pabu nyingi mno, ikaamuru vile vyenye zaidi ya pabu 2,000 viachie sehemu yake. Nia ilikuwa mnywaji apate uchaguzi. Viwanda vikauza kwa makampuni ambayo hayapiki bia kabisa, yakiwa yamekopa fedha nyingi za kununulia, na mpangaji wa pabu akajikuta analipa kodi ya pango ya juu na bado analazimika kununua bia kwa mwenye nyumba kwa bei anayoitaka. Ongeza bia rahisi ya dukani, ongeza katazo la sigara ndani ya pabu la mwaka 2007, ongeza bei ya viwanja mijini. Mwaka 2000 nchi hiyo ilikuwa na pabu takriban 60,000. Leo ni kama 45,000. Chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971 kutetea bia ya asili inayoendelea kuiva ndani ya pipa, kimejikuta kikitengeneza orodha ya pabu ambazo bado zina mambo ya ndani ya kihistoria, kwa sababu ina maana gani bia nzuri isiyo na pa kunywewa?

MwalimuMikindani anajibu:

Nawashukuru sana. Mama Ndoro, nimelipokea shauri lako, na jana jioni nilianza na mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga nje ya baa hiyo tangu akiwa msichana. Alinieleza kwamba ndani hakuwahi kuingia hata siku moja katika miaka 30, lakini baraza anaijua kuliko kitanda chake, na kwamba mabaharia wa majahazi walikuwa wakimwachia fedha na barua za kupeleka kwa watu wao. Nikaona kwamba kwake baa ni ile baraza ya nje, na kaunta ninayoihangaikia mimi haimhusu.

Nilikwenda pia kuulizia upande wa sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Cha baada ya hapo kinahitaji kutangazwa na Waziri. Baa ya miaka ya 1950 itasubiri sana. Na warithi hawana ubaya, wana watoto wa kusomesha. Fundi, kama ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?

FundiShangani anajibu:

Mwalimu, Mama Ndoro amenisahihisha, na nimekubali. Vidirisha vile nilivisifu kama fundi nikasahau kwamba kazi yake ilikuwa kuficha.

Nitakujibu kwa kisa kimoja. Katika eneo la Maida Vale, London, palikuwa na pabu iitwayo Carlton Tavern, iliyojengwa mwaka 1920 na 1921, haina umaarufu wowote nje ya mtaa wake. Mwenye mali alikuwa amenyimwa kibali cha kujenga nyumba za ghorofa. Wakazi wakaingiwa na wasiwasi, wakawaomba wataalamu wa urithi walitazame jengo, nao wakaja, wakalipima, wakapiga picha vigae, maandishi ya ukutani na dari. Aprili 2015, siku chache tu kabla halijaingizwa katika orodha, likavunjwa mchana kweupe na vitu vyake vikiwa bado ndani. Halmashauri ya Westminster iliamuru lijengwe upya kwa sura ileile, mwenye mali akakata rufaa, akashindwa, na Aprili 2021 milango ikafunguliwa tena. Jengo ni jipya, na wapo wanaosema ni sanamu ya jengo. Ila matofali na vigae vilivyookolewa kwenye kifusi vilirudishwa mahali pake, na waliokuwa wakinywa pale wanakunywa pale.

Amri ile isingetekelezeka kama pasingekuwa na vipimo. Huwezi kumwamuru mtu arudishe kitu ambacho hakuna anayejua kilikuwaje. Halmashauri yetu haina nguvu kama ya Westminster, na miezi 6 ya kusubiri hatuna, lakini tepu ya kupimia ninayo. Hata wewe pale Mikindani unaliona Boma la Wajerumani la mwaka 1895: lilikuwa gofu, na limesimama leo kwa sababu kuna aliyelipatia kazi ya kufanya, likawa hoteli. Mnunuzi wa baa hii akiona mchoro wenye baraza yake, huenda akaibakiza mbele ya maduka, kama ni maduka anayotaka kujenga, kwani baraza ya kivuli humletea mwenye duka wateja bila gharama. Hilo naweza kumweleza kwa lugha ya fedha.

Waombe warithi ruhusa ya siku moja. Jumamosi nitafika saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, na kamera, na vijana wawili wa kushika ncha ya tepu. Yule mama wa samaki naye, kama atakubali, aje akae mahali pake alipokuwa akikaa, ili tupime kuanzia hapo.